Profaili ya biashara ipo Google ila wateja hawaji? Tafuta kwanza unaumwa wapi

Malalamiko huwa yanakuja kwa sentensi moja tu, "mimi biashara yangu nimeshaiweka Google mbona wateja siwaoni", halafu mtu anataka aambiwe kitu kimoja cha kubonyeza mambo yanyooke. Shida ni kwamba hiyo sentensi moja imebeba magonjwa kama matano. Kuna ambaye haonekani kabisa, kuna anayeonekana ukiandika jina lake tu, kuna anayeonekana vizuri ila simu haiiti, na kuna yule ambaye simu inaita mpaka anachoka lakini watu wanapotelea njiani hawafiki. Sasa huyu wa mwisho ukimwambia akaongeze picha za ndani unakuwa unamng'oa jino mtu anayeumwa mguu.

Naongelea zaidi Google kwa sababu ndiko watu wengi wanakotafutia, ile profaili, yaani ukurasa wa biashara yako unaotokea mtu akitafuta, iliyoanza 2014 kwa jina la Google My Business na 2021 ikabadilishwa ikawa Google Business Profile. Ukikuta maelezo yanakwambia pakua programu ya Google My Business achana nayo, ile ilishafungwa zamani, siku hizi kila kitu unafanyia humohumo kwenye Google ya kawaida au kwenye Ramani (Google Maps) ukiwa umeingia na akaunti yako.

Kabla ya yote, azima macho ya mtu mwingine

Usijipime kwa simu yako. Wewe umeingia na akaunti inayomiliki profaili, tena umesimama ndani ya biashara yenyewe, na Google inaangalia umbali, kwa hiyo lazima utajiona wa kwanza na utafurahi bure. Mtafute mtu aliye mbali kidogo, mtaa wa pili au wa tatu, umwombe atafute mara mbili. Mara ya kwanza aandike jina la biashara. Mara ya pili aandike kile ambacho mteja asiyekujua angeandika, "fundi friji" au "saluni karibu nami", bila jina lako. Akutumie skrinshoti za zote mbili.

Jina lisipotokea, tatizo lako liko kwenye usajili wenyewe. Jina likitokea ila huduma haitokei, tatizo liko kwenye jinsi Google inavyokuelewa. Vyote vikitokea na bado kimya, tatizo liko kwenye kile mteja anachokiona akishakufungua. Na kama wanapiga ila hawafiki, nenda moja kwa moja huko chini kwenye sehemu ya pini, ile alama inayoonyesha ulipo kwenye ramani, usipoteze muda na mengine.

"Hata nikiandika jina lenyewe sionekani"

Mara nyingi sana jibu ni kwamba hujathibitishwa. Watu wanajaza fomu, wanaweka jina, namba, picha moja, wanadhani wamemaliza, kumbe pale walikuwa wameomba tu. Mpaka uthibitishe kwamba biashara ni yako na ipo kweli, profaili inabaki haionekani kwa wateja. Njia ya kuthibitisha huchagui wewe, Google ndiyo inakupa, inaweza ikawa meseji, simu, barua pepe, au video, na video ndiyo inawashinda wengi.

Video inakataliwa kwa sababu zilezile kila siku. Mtu anarekodi ndani tu, kaunta na rafu, hakuna kinachoonyesha hapo ni wapi. Au anakata na kuunganisha vipande apendeze. Wanachotaka ni video moja isiyokatwa, isipungue sekunde 30, ionyeshe vitu vitatu: mahali ulipo, biashara yenyewe, na kwamba wewe ndiye mwenye mamlaka hapo. Fanya hivi: anza ukiwa nje upande wa pili wa barabara, onyesha kibao cha mtaa kama kipo au majengo ya jirani yanayotambulika, vuka uende mpaka kwenye bango lako likae kwenye skrini sekunde kadhaa lisomeke, kisha toa ufunguo ufungue mlango mwenyewe, ingia, onyesha vifaa vya kazi, malizia kwa kuingia sehemu ambayo mteja haruhusiwi, stoo au nyuma ya kaunta. Ule ufunguo unasema mengi kuliko maneno yako yote. Usirekodi sura za wateja wala karatasi za benki, havihitajiki. Halafu tulia, majibu yanaweza kuchukua mpaka siku 5 za kazi, usitume video ya pili na ya tatu kwa presha.

Sababu nyingine ni kwamba ulikuwepo ukasimamishwa. Hapa bosi tuambiane ukweli, wengi wanajitakia. Jina la biashara kwenye profaili linatakiwa liwe lilelile la kwenye bango, basi. Mtu biashara yake inaitwa, tuseme, Amani Electronics, yeye anaandika "Amani Electronics Fundi TV Simu Friji Bei Nafuu Masaa 24" akiamini anaongeza maneno ya kutafutwa. Wiki ya kwanza anaweza kweli akapanda, na hiyo ndiyo inawaponza watu, halafu mshindani anamripoti au mfumo unamnasa, profaili inapotea na maoni yake yote. Wengine wanasimamishwa kwa kutumia sanduku la posta kama anwani, au ofisi ya kukodi jina tu ambayo hakuna mfanyakazi anayekaa, au kwa kufungua profaili tatu za biashara moja ili watokee mara tatu.

Ukisimamishwa usifungue profaili mpya, hilo ndilo kosa la pili baada ya la kwanza, unazidi kuonekana tapeli. Rekebisha kwanza kilichokosewa, jina lirudi kama bango, anwani iwe ya kweli, kisha ndiyo ukate rufaa. Na kabla hujabonyeza kuanza rufaa kusanya makaratasi yako yote kwenye simu: hati ya usajili, leseni, bili ya umeme au maji yenye jina na anwani ileile. Nasisitiza hili kwa sababu ukishafungua ile fomu ya ushahidi una dakika 60 tu za kupakia, na nimeona mtu anaanza rufaa akiwa kwenye basi, leseni iko nyumbani kabatini.

Kuna pia hii ya kushangaza kidogo, profaili ipo ila imeandikwa "imefungwa kabisa". Mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kupendekeza mabadiliko kwenye biashara yoyote kule Ramani, awe mteja aliyekuja siku moja akakuta umefunga mapema au mtu mwenye roho mbaya, na Google wakati mwingine inakubali. Ingia, badilisha hali iwe wazi, imeisha. Ila jizoeze kuchungulia profaili yako angalau mara moja kwa wiki.

"Profaili ni yangu ila siwezi kuiingia"

Hii naipa kichwa chake peke yake kwa sababu inauma. Ulimpa kijana wa kompyuta akutengenezee, akatumia imeili yake, ameshahama na namba haipatikani. Au mfanyakazi wa zamani ndiye aliyefungua. Fungua profaili kule kwenye Ramani, tafuta sehemu ya kudai umiliki, itakuonyesha kipande cha ile imeili inayoimiliki, omba ruhusa. Anayemiliki anapewa siku 3 za kujibu. Akinyamaza, mara nyingi unapewa nafasi ya kuthibitisha mwenyewe na kuichukua. Akikataa bado unaweza kukata rufaa.

Ukishaipata, akaunti yako wewe mwenye biashara ndiyo iwe mmiliki mkuu, wengine wote waingie kama wasimamizi. Mmiliki mpya anasubiri siku 7 kabla hajaruhusiwa baadhi ya mambo, kama kumtoa mtu mwingine, kwa hiyo usishtuke vitufe vikigoma wiki ya kwanza.

"Jina linatokea, ila mtu akitafuta huduma anaona wengine tu"

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe. Google wenyewe wanasema matokeo ya biashara za karibu yanapangwa kwa mambo matatu: unahusiana kiasi gani na alichotafuta mtu, uko umbali gani naye, na unajulikana kiasi gani. Na wanasema wazi kwamba huwezi kulipia nafasi ya juu. Tangazo la kulipia lipo, ila linakaa kivyake na lina alama ya tangazo. Kwa hiyo mtu akikwambia nilipe nikuweke namba moja milele, muulize anakuweka kwa mkono upi.

Umbali huna la kuufanya, mteja aliye upande wa pili wa mji ataonyeshwa wa huko kwanza, usilie. Kuhusiana ndiko kunakorekebishika leo hii, na silaha kubwa hapo ni kategoria, ile aina ya biashara unayoichagua kwenye orodha ya Google. Unaruhusiwa kategoria kuu moja na za nyongeza mpaka 9, na ile kuu ndiyo yenye uzito. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni mtu kuchagua kitu kipana, anatengeneza friji na mashine za kufulia lakini ameandika kategoria kuu "duka la vifaa vya umeme" kwa sababu ndilo lililotokea la kwanza kwenye orodha. Mtu akitafuta fundi friji, Google inaona huyu ni muuzaji, inampita.

Namna ya kujua kategoria sahihi ni rahisi tu, tafuta ile huduma kama mteja, angalia watatu wanaotokea juu, chini ya majina yao pameandikwa maneno madogo ya kijivu, hiyo ndiyo kategoria yao kuu. Ukiona wote watatu wana inayofanana na wewe una nyingine, umeshapata mgonjwa wako. Ila usijaze zote 9 kwa sababu nafasi ipo. Ukijiita fundi, duka, shule, na ofisi ya ushauri kwa pamoja unaichanganya Google na unamchanganya mteja.

Baada ya hapo jaza sehemu ya huduma, moja moja, kwa maneno ambayo wateja wanayatumia midomoni, siyo ya kwenye brosha. Hakuna mteja anayeandika "suluhisho za upoezaji", anaandika "friji haigandishi". Kama wateja wako wanachanganya lugha, wewe nawe changanya kwenye majina ya huduma, moja kwa Kiswahili nyingine kwa jina lililozoeleka. Maelezo ya biashara yana nafasi ya herufi 750, hayapokei linki, andika unafanya nini, kwa ajili ya nani, tangu lini, na inatosha. Mimi sijawahi kuona maelezo matamu yakimwokoa mtu mwenye kategoria mbovu, kwa hiyo usikeshe hapo.

Kujulikana ndiko kunakochukua muda, ni maoni ya wateja, ni kutajwa sehemu nyingine mtandaoni, ni tovuti yako kama unayo. Hapo hakuna njia ya mkato. Lakini kagua kitu kimoja, jina na namba yako kwenye Facebook, kwenye Bing, kwenye Apple Maps, viwe sawa na kwenye Google. Ukute Facebook bado ina namba ya laini uliyopoteza miaka minne iliyopita na Google ina mpya, mteja anapiga ile ya zamani anajibiwa haipatikani anajua umefunga biashara. Kwa wenye iPhone, Apple nao Januari 2023 walizindua huduma yao ya wenye biashara, wakati huo ikiitwa Apple Business Connect, unadai bure kadi ya biashara yako inayotokea kwenye Apple Maps.

Na kwa wale wa "nilikuwa juu nimeshuka ghafla": angalia kwanza kama kategoria yako haijabadilishwa, saa zako haziko vibaya, na hakuna profaili ya pili ya biashara yako iliyojitokeza inakugawia maoni. Kama vyote viko sawa inawezekana tu jirani yako ameamka. Usibadilishe vitu kumi siku moja kwa hasira, badilisha kimoja, andika tarehe kwenye daftari, ngoja wiki mbili. Ukibadilisha kumi na mambo yakaharibika hutajua kipi ndicho kilichoharibu.

"Wananiona ila hawapigi"

Bonyeza kitufe chako cha kupiga simu. Nipo siriasi, chukua simu ya mtu mwingine, fungua profaili, bonyeza kupiga, usikilize. Namba imepungua tarakimu moja, namba ni ya mezani iliyokatwa, namba inaita kwa mtoto wa shule kwa sababu laini uliigawa, vyote hivi vipo. Halafu bonyeza kitufe cha tovuti. Kama zamani ulitengeneza ile tovuti ya bure ya Google, iliyokuwa inaishia na business.site, ilizimwa Machi 2024, na ukiacha ile linki unampeleka mteja kwenye ukurasa mfu. Ile chati ya ndani ya profaili nayo ilifungwa Julai 2024, kama bango lako au kadi zako bado zinasema tuchati kupitia Google ziondoe.

Kama vitufe viko hai, angalia saa. Mtu anatafuta saa moja na nusu jioni, anaona maandishi mekundu "imefungwa", anahamia kwa anayefuata wala hakumbuki jina lako. Wewe unafunga saa tatu usiku lakini ulipojaza uliacha yale masaa ya kiofisi. Upande wa pili kuna wale wanaoandika wako wazi masaa 24 ili watokee muda wote, halafu mtu anakuja saa tano usiku anakuta kufuli, nyota moja hiyo imeingia na ni ya haki. Kuna sehemu ya saa maalum kwa ajili ya sikukuu, itumie, maana siku hizo ndizo watu wanaangalia nani yuko wazi kuliko siku nyingine zote.

Kisha picha. Mteja anaamua kwa macho kabla hajasoma neno, na wengi wana picha moja ya logo iliyovutwa mpaka ina ukungu. Picha ya kwanza muhimu ni ya mbele ya biashara kama inavyoonekana na mtu anayetembea barabarani, piga asubuhi au jioni jua lisiwe nyuma ya jengo. Ya pili ni ndani, ya tatu kazi uliyoifanya kabla na baada, ya nne nyinyi wenyewe mkiwa kazini. Faili iwe JPG au PNG, isizidi MB 5, na ukubwa wa 720 kwa 720 unatosha kabisa, simu yoyote ya kawaida inafikisha. Video nazo zinakubalika mpaka sekunde 30. Picha za kuokota mtandaoni, wale watu wanaotabasamu na meno meupe wakiwa wameshika spana safi, zinamfanya mteja ahisi hakuna mtu hapo.

Picha mbaya aliyoipandisha mteja huwezi kuifuta eti kwa sababu huipendi. Unaweza kuiripoti kama ni matusi au haihusiani na biashara yako. Vinginevyo pandisha zako nzuri nyingi, yake izame.

"Wanapiga simu, wanasema wapo njiani, hawafiki"

Nikuonyeshe hii kwa karibu. Jamaa mmoja ana gereji, wateja kila siku wanampigia "nimefika mbona sioni kitu", yeye anatoka nje anapunga mkono, hamwoni mtu. Tukafungua ramani, tukaweka picha za setilaiti, tukakuza mpaka paa la gereji likaonekana. Pini ilikuwa juu ya paa kweli, kwa macho ni sahihi kabisa. Lakini ilikuwa imekaa upande wa nyuma wa paa, na ramani ikawa inatafuta barabara iliyo karibu zaidi na pini, ambayo ni ya nyuma, ng'ambo ya mtaro na ukuta. Kwa hiyo kila mteja alikuwa anapelekwa kwenye ukuta. Alikuwa mita chache tu kutoka gereji, anaisikia nyundo inagonga, na hana pa kupita. Wengine walikuwa wanageuza gari wanaondoka. Tulisogeza pini mpaka kwenye geti la mbele, ukingoni kabisa mwa barabara, zile simu za "sioni kitu" zikakoma.

Kwa hiyo pini haikai katikati ya jengo, inakaa mlangoni anapoingilia mteja. Ingia kuhariri profaili, sehemu ya mahali, rekebisha pini, washa mwonekano wa setilaiti, kuza, buruta. Kisha ujaribu mwenyewe kuomba maelekezo kutoka pande mbili tofauti za mji uone inakufikisha wapi, maana unaweza kufika vizuri ukitokea kaskazini na kupotezwa ukitokea kusini.

Kama mtaa wako hauna majina wala namba za nyumba, tumia Plus Code. Bonyeza na ushikilie mlango wako kwenye Google Maps, teremka chini utaona herufi na namba zenye alama ya kujumlisha katikati, pamoja na jina la mji. Hiyo ni anwani kamili, inaonyesha kamraba ka kama mita 14 kwa 14, na mtu akiiandika kwenye Ramani inamleta hapohapo. Iweke kwenye WhatsApp ya biashara, kwenye kadi, kwenye risiti. Ni bure na hakuna wa kuiomba.

Kwa wale mnaowafuata wateja majumbani, mafundi bomba, wasafishaji, walimu wa ziada, na hamna ofisi ya kupokea watu, msionyeshe anwani kabisa. Ficha anwani, weka maeneo mnayohudumia, unaruhusiwa mpaka 20, na kwa ujumla yasizidi mwendo wa kama masaa 2 kwa gari kutoka unapoanzia. Ukiacha anwani ya nyumbani ikionekana siku moja mtu atakugongea Jumapili alfajiri ana koki mkononi.

"Maoni yananiua"

Kuna matatizo manne hapa na watu wanayachanganya: huna maoni, una mabaya ya kweli, una mabaya ya uongo, na yaliyoandikwa hayaonekani.

Kama huna, ni kwa sababu huombi. Mteja aliyeridhika anaondoka na furaha yake, aliyekasirika ndiye anaandika bila kuombwa. Kwenye profaili kuna sehemu ya kuomba maoni, inakupa linki na msimbo wa QR, tuma linki ndani ya masaa machache baada ya kazi wakati bado anakumbuka. Usitoe punguzo wala zawadi ili mtu aandike, ni marufuku, na vilevile hairuhusiwi kuwachuja ukawaomba wale wenye furaha tu. Wafanyakazi wako na shemeji zako wasiandike. Maoni 20 ya nyota tano kuingia siku moja kwenye profaili iliyolala miaka miwili hayamdanganyi hata mteja, achilia mbali mashine, na ndiyo mara nyingi yanayokwenda yasionekane.

Baya la kweli lijibu, na kumbuka unayemjibu siye aliyeandika, ni wale mia watakaosoma baadaye. Mtu ameandika "Nilisubiri masaa matatu, simu yangu haikutengenezwa, na hakuna aliyeniomba radhi." Jibu la hasira ni "Wewe ulikuja bila miadi na ulikuwa na dharau." Unaweza kuwa sahihi na bado umepoteza. Mimi ningeandika hivi: "Pole sana ndugu kwa kusubiri muda wote huo. Siku hiyo fundi wa simu alikuwa mmoja na tulipaswa kukwambia mapema uamue kama unasubiri au unarudi. Sasa tunamwambia kila mteja muda kabla hajaacha simu. Ukipita tena tutaanza na yako." Sentensi nne, kosa limekubaliwa, kilichobadilika kimetajwa, hakuna maigizo. Na usiandike namba ya simu ya mteja wala maelezo ya alichokuja kufanya, hayo si ya hadharani.

La uongo liripoti, ila elewa wanachokiangalia ni kama limevunja sera: matusi, tangazo, mtu hajawahi kuwa mteja, mgongano wa maslahi. Kuripoti kwa sababu tu hukubaliani nalo hakufiki popote. Wakati unasubiri, lijibu kwa upole kwamba huna kumbukumbu ya huduma hiyo, umwombe awasiliane nawe. Basi, usianze kesi pale.

Namba zinasemaje

Ndani ya profaili kuna sehemu ya utendaji, watu hawaifungui. Inakuonyesha maneno watu waliyoandika mpaka wakakuona, wangapi walipiga simu, wangapi waliomba maelekezo, wangapi walibonyeza tovuti. Yale maneno ndiyo dhahabu, unaweza kukuta watu wengi wanakufikia kwa huduma ambayo wewe unaichukulia ya pembeni, hiyo ipandishe iwe na picha zake. Wanaokuona wengi ila wanaopiga wachache, rudi kwenye picha na saa. Wanaoomba maelekezo wengi ila mlangoni hawaonekani, rudi kwenye pini.

Halafu kuna jambo moja linaloanza kukupata mara tu unapoanza kuonekana. Utapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya kiofisi, anasema anatoka Google, profaili yako inakaribia kufutwa, lipia ada ya mwaka au msomee ile namba ya uthibitisho uliyotumiwa kwa meseji. Profaili ni bure, haina ada ya mwaka, na ile namba haisomewi mtu. Kata simu. Kama ulishaisoma, panda juu kwenye sehemu ya "profaili ni yangu ila siwezi kuiingia" uanzie pale, leo hiihii, kabla hajabadilisha namba ya biashara ikawa yake.